Mahari ya Chungwa

"Mimi, Abdulwahab, nakuoza wewe Swabir bin Ramadhani binti yangu Fauzia, kwa mahari ya chungwa hili!"

"Nimekubali kumuoa, kwa mahari ya chungwa hilo!" Swabir alijibu bila hata kumung'unya maneno.

Uwanja wa Msambweni ulipasuka kwa kicheko. Ngoma zikalia. Kadhi wa sarakasi, mwenye ndevu za pamba na kilemba cha taulo, akalirusha chungwa juu na kulidaka kwa kisogo. Bibi harusi, aliyefunikwa shuka jekundu, akapiga sarakasi tatu za nyuma na shuka lake mwilini. Watoto wakapiga mayowe.

Yusra hakucheka. Angechekaje? Bwana harusi yule aliyesimama kwenye taa alikuwa mchumba wake yeye. Posa ilikwishapokelewa na harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Na mchana wa siku ile Swabir alikuwa amempigia simu akamwambia, "Usije kwenye sarakasi, mpenzi. Huko ni vumbi na kelele tu." Yusra akaona amshtukize kwa furaha, akaja na shangazi yake. Sasa aliyeshtuka ni yeye.

"Dada, samahani," shangazi Mwanapili alimwambia mama aliyekaa kando yao. "Huyo mwenye ndevu za pamba ana udugu gani na huyo msichana?"

"Si babake mzazi huyo! Ndiye mwenye sarakasi yote hii."

Shangazi Mwanapili alikuwa amefundisha madrasa tangu Yusra hajazaliwa. Akakirudisha kiazi karai alichokuwa akila kwenye karatasi, akajifuta vidole.

"Shangazi, si mchezo tu?" Yusra aliuliza, akiomba moyoni aambiwe ndiyo.

"Mwanangu, ndoa si kitu cha kuchezewa. Walii, mwenye haki ya kumuoza, ni babake mzazi. Mahari yametajwa. Mashahidi ni wale wazee wawili walioitwa jukwaani, watu wazima wa msikitini, si wachekeshaji. Mume ameitika. Hapo cha mchezo nakiona kimoja tu, nacho ni zile ndevu."

Yusra akatoa simu. Swabir mwenyewe alikuwa amemtumia video ya mchezo ule ule, walipoucheza Mwabungo, na Yusra alikuwa ameitazama mara nyingi akicheka peke yake. Akaifungua tena. Kule kadhi alisema, "Namuoza Binti Ukwaju kwa Bwana Embe," na mashahidi walikuwa vijana wawili wa sarakasi waliovaa vinyago vya punda.

Kwa nini Msambweni majina yamebadilika? Na wale punda wameenda wapi?

Aliinuka bila kuaga, akapita kati ya magoti ya watu mpaka nyuma ya jukwaa, palipofungwa turubai la buluu. Hapo akasimama, akapiga simu. Ikalia upande wa pili wa turubai.

"Mpenzi wangu!" Swabir alipokea. "Ndiyo kwanza tunapumzika. Bado mnara wa mwisho, wa kupandana mabegani."

"Pole na kazi. Mchezo wa harusi umekwendaje?"

"Ah, ule ule wa Mwabungo. Bwana Embe na Binti Ukwaju. Watu wamecheka, basi."

Yusra alikuwa akimsikia kwa masikio mawili, moja la simu na moja la turubai. Akalishika lile turubai akalifunua kwa nguvu.

"Bwana Embe, shikamoo."

Simu ilimponyoka Swabir. Alikuwa kifua wazi, amejipaka mafuta. Yale mabega ambayo Yusra alizoea kuyasifia kwa shoga zake leo alitamani kuyapiga kofi.

"Yusra! Si nilikwambia usije?"

"Ulinambia. Sasa nimejua kwa nini. Umeoa?"

"Mpenzi, ni mchezo! Mzee amechanganya majina kwa bahati mbaya, nami nikaitikia tu, watu walikuwa wanangoja."

"Na kwenye simu sasa hivi? Nani amekuchanganyia majina?"

Kabla Swabir hajapata uongo mwingine, shuka jekundu likapita kati yao. Fauzia alikuwa amelivuta kichwani, na machozi ya hasira yalikuwa yamemchafua wanja. Mkono mmoja ulishika simu.

"Wewe ndiye Yusra?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye mke mwenzangu?"

"Sikujua, wallahi. Nimesikia majina yametajwa nikadhani baba amekosea. Nimerudi huku kunywa maji ndiyo naona alichoniandikia huyu tangu alasiri. Soma."

Yusra akasoma: *Fauzia, leo babako atatuoza kwa majina yetu ya kweli. Watu watadhani mchezo. Wewe nyamaza tu. Tukishaondoka na sarakasi kwenda Uchina hakuna wa kutuuliza. Yusra nitamuoa wiki ijayo kama kawaida, habari hizi atazijua polepole.*

Alisoma mara mbili. Mara ya pili kila neno lilimchoma upya. *Kama kawaida.* Yaani angevishwa, angefukizwa udi, angepelekwa kwa mume wake akiwa mke wa pili bila kujua, na mji mzima umeshuhudia na kucheka!

"Yusra, nisikilize," Swabir alisema kwa sauti ya chini. "Mzee hamchukui Uchina mtu asiye wa nyumbani kwake. Ningekosa safari. Nawe ningekuoa vile vile, nisingekupunguzia chochote. Dini imeruhusu."

"Dini imeruhusu wake wawili. Haikuruhusu mmoja umfiche nyuma ya ndevu za pamba!"

Alipaza sauti mpaka wapiga ngoma wakageuka. Abdulwahab akaja mbio, ndevu zikining'inia sikio moja.

"Kelele za nini? Watu wanangoja mnara! Fauzia, nenda kapande!"

"Baba, umeniozesha?"

Mzee alimtazama binti, akamtazama Swabir, akakohoa. "Nimekutafutia mume mzuri. Umenyamaza, na kunyamaza kwa mwanamke ni ridhaa yake. Yamekwisha."

"Hayajaisha, Abdulwahab."

Alikuwa shangazi Mwanapili, akihema, baibui limejaa vumbi.

"Kunyamaza ni ridhaa ya mwari ambaye hajaolewa bado. Binti yako je, hajaolewa?"

Abdulwahab akaanza kutafuta kilemba chake, na kilikuwa kichwani.

"Nimeolewa," Fauzia alijibu badala yake. "Niliolewa Shimoni, nikaachika. Na aliyeniozesha ni huyu huyu baba yangu."

"Basi mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi kwa kunyamaza. Huulizwa, naye hujibu kwa kinywa chake. Ulimuuliza?"

Fauzia alilitupa shuka chini, akalichukua chungwa mfukoni mwa kanzu ya baba yake, akapanda jukwaani. Wote wakamfuata, hata Swabir, maana ngoma zilikuwa zimekwisha kuita mnara. Fauzia akampokonya mtangazaji kipaza sauti.

"Wazee wangu wawili mlioshuhudia, msiondoke! Yale yalikuwa maneno ya ndoa ya kweli, nanyi mkafichwa. Mimi Fauzia sikuulizwa. Sasa najiuliza mwenyewe mbele yenu, na najibu: simtaki! Mwanaume huyu ana mchumba, harusi yake ni wiki ijayo, na mchumba mwenyewe ni huyu hapa!"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa wale mashahidi alisimama, akasema kwa uchungu, "Abdulwahab, umetupandisha jukwaani kutufanya wajinga?"

Vijana wa sarakasi walikuwa wamejipanga tayari kwa mnara, wakiwangoja Swabir wa chini na Fauzia wa juu.

"Fauzia, panda tumalize," Swabir alinong'ona. "Watu wanatutazama."

"Mabega hayo sipandi tena."

Akampa Yusra lile chungwa. Yusra alilipima mkononi. Alitamani kumpiga nalo usoni, na Mungu anajua angempata barabara. Badala yake akamwekea Swabir kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja.

"Shika mahari yako. Umeyatoa kwa mke asiyekutaka, na mimi sitaki makombo yake."

"Yusra, nimekosa. Nipige, nitukane, lakini usiniache. Nakupenda."

"Najua unanipenda. Ulitaka kunipenda nikiwa mjinga."

Akageuka, akashikwa mkono na shangazi yake. Walipofika penye nguzo ya mlango, huku nyuma wakisikia watu wakizomea, Yusra akapiga simu nyumbani. 

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona kelele hivyo? Sarakasi imekwisha?"

"Imekwisha, baba. Kesho asubuhi nakuomba uwarudishie kina Swabir posa yao."

"Yusra! Kuna nini? Harusi si wiki ijayo?"

"Ilikuwa leo, baba. Nimeihudhuria."