Ukingo Mweupe wa Kitabu cha Ubatizo

Walikutana Roma, kwenye baa ya stesheni ya Termini, asubuhi watu wanasukumana kaunta. Ornella alinyoosha mkono kuchukua kahawa yake, akakuta kijana mwenye skafu ya kijani anaimalizia.

"Samahani, dada. Yangu ikija, chukua wewe."

Ikaja, akaichukua, na moyo nao ukafuata. Miezi minane sasa.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kabla ya Tiziano, kijana huyo wa skafu, Ornella alipoteza miaka miwili kwa mwanamume ambaye kumbe alikuwa na mke Ancona. Basi Jumamosi Tiziano aliposema, "Twende Borgo Santella tukaone makanisa," alimtazama vizuri. Tiziano huyu, ambaye hata Pasaka huamka adhuhuri?

Walishuka kwenye treni saa nne. Ornella alivaa gauni la kitani rangi ya ndimu, na viatu vyake vya visigino vikawa vinagombana na mawe ya barabara. Kabla hawajafika kanisa la kwanza, simu ya Tiziano ikalia. Akajitenga.

"Nani huyo?"

"Kazini."

"Jumamosi?"

"Kwetu hawaijui Jumamosi, laazizi."

Ndani, alimwacha mbele ya picha za watakatifu, akaenda kunong'onezana na padri. Akarudi uso umemshuka.

"Nilikuwa naulizia hizi picha."

"Picha ziko huku, mpenzi. Wewe ulikuwa kule."

Kanisa la pili, hivyo hivyo. Ornella akabaki na bibi mmoja aliyeshika funguo na ufagio, ambaye alimpima kuanzia visigino hadi nywele.

"Wewe ni dada yake?"

"Kwa nini?"

"Wiki hii kapiga simu mara nne. Ana haraka ya kuoa, huyo."

Kuoa nani? Yeye hajaulizwa, na mtu haolewi bila kuulizwa. Anayeolewa basi ni mwingine, wa hapa hapa. Aliumia, na akajichukia kwa kuumia mara ya pili kwa kosa lile lile.

Makanisa hufungwa saa sita na nusu, kwa hiyo Tiziano aliliendea la tatu karibu anakimbia. Safari hii Ornella hakuzitazama picha. Alimfuata nyuma hadi chumba cha padri, akasukuma mlango. Padri mzee, Don Learco, alikuwa ameinamia kitabu kikubwa.

"Bibi harusi ni nani?" Ornella akauliza. "Nitajie jina tu, nipande treni yangu."

Tiziano akageuka rangi. "Ni wewe, Ornella."

"Mimi? Umemwambia padri kabla yangu?"

"Nisikilize. Baba hakutaka kuwasikia mapadri. Bibi yangu akaniiba, akasema tunakwenda sokoni, akanirudisha kichwa kimelowa. Kanisa gani la mji huu wake, hakusema mpaka akafa. Na bila cheti cha ubatizo hakuna padri atakayetufungisha ndoa. Mama yako namjua, ndoa ya manispaa kwake si ndoa. Nikaona nikuombe nikiwa na karatasi mkononi."

Maneno matamu. Hata yule wa Ancona alikuwa nayo.

"Nimempata," Don Learco akasema, kidole juu ya mstari. "Amesimamiwa na bibi yake. Nigonge mhuri au nifunge kitabu? Supu yangu inapoa."

"Padri, mtu akioa, hapa kwenu inajulikana?"

"Huko alikofunga ndoa wanatuletea barua, nasi tunaandika pembeni. Popote alipooa kanisani, lazima habari irudi hapa."

Ornella akainama. Majirani wa Tiziano kitabuni, juu na chini, kando ya majina yao pamejaa wino: fulani kamwoa fulani, mwaka fulani. Akapitisha kidole polepole kando ya jina la Tiziano. Karatasi tupu, nyeupe, tangu mwaka aliobatizwa. Machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Gonga mhuri, Padri," akasema. "Na hapo pembeni usiandike kitu kingine. Jina langu ni refu."