Mkono wa Tatu wa Igihozo

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, Igihozo alinawa uso, akafunga mkoba wake wa shule, kisha akaketi mkekani kando ya mama yake ili asuke mistari miwili kabla ya kengele. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi. Waliishi Nyundo, karibu na mji wa Gisenyi. Mama yake, Mukabera, alisuka vikapu katika chama cha akina mama, na jioni alihudhuria darasa la watu wazima kujifunza kusoma. Igihozo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa akisuka kikapu chake cha kwanza, agaseke chenye kifuniko kilichochongoka, ili akibebe siku ya harusi ya dada yake Umutesi mwezi wa Desemba.

Kikapu huhitaji mikono miwili ya kusuka, na mwingine wa kukaza uzi wa katani. Mkono huo wa tatu, Mukabera alimfundisha bintiye, ni meno. "Uma, vuta, kaza," alisema. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, naye na mama yake.

Tangu mvua za Aprili, taya la Igihozo lilikuwa na mlio. Kila alipopiga miayo au kula mahindi, tak, mbele ya sikio la kulia. Ngoga, aliyeketi naye dawati moja, hakuliacha jambo hilo lipite. "Mwalimu, Igihozo anatafuna mawe tena," alisema, na darasa zima likacheka. Igihozo akajifunza kupiga miayo akiwa amefunga mdomo.

Asubuhi ile, alipouma uzi na kuuvuta, maumivu yalimchoma kutoka sikioni hadi kwenye kipaji cha uso. Mikono ikasimama.

"Kuna nini, mwanangu?" Mukabera aliuliza.

Igihozo alijua kwamba akisema taya linamuuma kwa sababu ya uzi, kikapu kitaondolewa mikononi mwake siku hiyo hiyo.

"Ni jino, Mama. La nyuma."

Uongo huo ulikuwa mdogo kama punje ya mtama.

Jumamosi, kwa kuwa foleni ya kituo cha afya ni ndefu na chama kilikuwa na vikapu vya kupeleka, Mukabera alimpeleka kwa mtu mmoja aliyeng'oa meno sokoni. Mtu huyo alilipanua taya kwa nguvu kwa vidole gumba. "Lipi?" aliuliza. Igihozo alinyoosha kidole popote. Jino lilitoka jeupe, zima, bila tundu hata moja. Yule mtu alilitazama, akalitupa ndani ya kopo.

Kesho yake mdomo haukufunguka. Iliingia ncha ya kidole kimoja tu. Na maumivu yalikuwa pale pale yalipokuwa.

Siku mbaya zikaanza. Igihozo alikunywa uji kwa kuuchuja katikati ya meno. Maharage yalipondwa mpaka yakawa kama udongo, na bado yalimshinda. Sare ya shule ilianza kumpwaya. Mwalimu alipomwita kusoma kwa sauti, alisimama kimya, machozi yakimdondokea kitabuni. Ngoga aliacha kumtania, na kimya cha Ngoga kilimtisha kuliko utani wake.

Jirani yao Illuminée, mzaliwa wa Goma, alikuja kutoa pole. Igihozo alimsikia kutoka nyuma ya pazia.

"Mama Umutesi, mi nakuambia, hii haiko jino. Mutu alimupa kitu ndani ya chakula. Kule Goma iko muzee moja anatoa hizi vitu."

"Na akishindwa?"

"Bon, tutakuwa tumejaribu."

Baada ya Illuminée kuondoka, Mukabera alianza kuhesabu ni nani aliyewahi kumpa mtoto chakula. Akafika kwa Béata, shangazi yake Igihozo, aliyeleta ndizi mwezi uliopita. Tangu siku hiyo hakumwitikia Béata salamu. Aliacha pia kwenda darasani. Daftari lake lilikaa juu ya kabati likipata vumbi.

Igihozo aliyaona yote hayo. Hakuna aliyemlisha sumu. Yeye mwenyewe alijua. Lakini ukweli ulikuwa umefungiwa pamoja na ulimi. Aliamini kwamba atakufa kwa njaa mbele ya chungu kilichojaa, na kwamba shangazi yake atalaumiwa kaburini kwake.

Safari ya Goma ilikuwa imeshapangwa pale Vénuste, mshauri wa afya wa kijiji, alipopita kupima watoto wachanga. Alimtazama Igihozo, akaiweka mizani chini.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Goma, kwa mzee wa dawa," Mukabera alijibu.

"Kwanza hospitali, mama. Kadi ya mituweli, bima yetu ya afya, si pambo la kutundika ukutani."

Kituo cha afya kiliwaandikia barua ya kwenda hospitali, kwa daktari wa meno aliyeitwa Habineza. Daktari hakushika koleo. Alimwomba Igihozo asimamishe vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, na kuviingiza kati ya meno ya juu na ya chini. Kiliingia kimoja, kwa shida. Kisha akaweka vidole vyake mbele ya masikio ya mtoto na kumwambia afungue na kufumba mdomo taratibu. Akaangalia pengo la jino, akaangalia picha ya eksirei ya taya.

"Mdomo huu," aliuliza, "una kazi gani nyingine zaidi ya kula na kusema?"

Igihozo alimtazama mama yake. Kisha akasema, kupitia uwazi ule mdogo, neno moja moja.

"Unavuta uzi. Jino halikuwa linauma. Nilidanganya. Nilitaka kumaliza kikapu. Shangazi hakunifanya kitu."

Mukabera hakumpiga wala hakumkemea. Aliweka kidole mbele ya sikio lake mwenyewe, akafungua mdomo. Tak.

"Na langu linalia," alisema. "Miaka tisa. Sikumwambia mtu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuma."

Daktari aliwaeleza wote wawili. Taya hushikamana na fuvu kwa kiungo mbele ya kila sikio, na ndani yake mna kisahani laini cha kuzuia mifupa isisuguane. Kazi nzito ya kuuma na kuvuta huchosha misuli, nacho kisahani huweza kuteleza kutoka mahali pake. Hapo ndipo mlio hutokea. Kikiteleza na kukwama, mdomo hukataa kufunguka. Mlio peke yake, usio na maumivu, mara nyingi si ugonjwa; mlio wenye maumivu au mdomo unaokwama ni wa kuonyeshwa daktari mapema.

"Utampasua?" Mukabera aliuliza.

"Wengi hupona bila kupasuliwa. Dawa ya maumivu, chakula laini, kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mazoezi mepesi nitakayowaonyesha. Midomo ifungwe, meno yasigusane. Lakini sitakuahidi siku. Na lile jino halitarudi."

Wiki ya kwanza haikubadili kitu. Ya pili pia. Harusi ya Umutesi ilifika. Wasichana walipita na vikapu vyao vichwani, na Igihozo alikaa na bakuli la uji, kikapu chake kikiwa nyumbani bila kifuniko. Asubuhi ya harusi, kabla ya wageni kufika, Mukabera alikuwa amekwenda kwa Béata kuomba msamaha. Béata alisamehe, ila tangu hapo hakuleta ndizi tena.

Mwishoni mwa Januari, vidole viwili viliingia. Katikati ya Machi, Igihozo aliingiza cha tatu, akakiacha humo kwa muda, akilia kimya kimya.

Siku hiyo Mukabera alipigilia msumari kwenye gogo kando ya mkeka wa kusukia, akafunga uzi hapo, akavuta kwa mkono badala ya meno. Wanawake wa chama walitazama, wakaenda kutafuta misumari yao.

"Mwanangu," alisema, "tuliyaficha maumivu sote wawili, nayo yakakua gizani. Wewe ulipoteza jino, mimi nikampoteza wifi. Daktari hatibu asichoambiwa. Ukiumwa, sema panapouma, hata kama utanyang'anywa kikapu."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, inua vidole vyako vitatu, jipime. Kisha mpe kitabu hiki anayekaa karibu nawe, hasa yule anayevuta uzi kwa meno.