Shahidi wa Kasulu

Kabla Nyamizi hajamaliza uji wake wa asubuhi, Tarishi alikuwa amekwisha kufikisha jumbe elfu sita. Tarishi alikuwa mtambo, na Nyamizi ndiye aliyeubuni, pale Tabora. Zama hizo kila mji ulitunza kumbukumbu zake katika mnyororo wa vitalu, yaani daftari la kidijitali lisilofutika, lakini minyororo hiyo haikuelewana. Tarishi ndiye aliyebeba ujumbe kutoka mmoja hadi mwingine, akichagua njia na kuhakiki mihuri. Magazeti yalimsifu kwamba haguswi na mkono wa mtu.

Asubuhi ile ujumbe mmoja ulikwama. Hospitali moja ya Bukoba ilisubiri kutoka Iringa orodha ya dawa zinazomdhuru mgonjwa aliyekuwa tayari katika chumba cha upasuaji. Nyamizi akaifuata njia kwenye kioo. Ujumbe ulikuwa umesimama Kasulu, katika mnyororo mdogo wa zamani ulioaminiwa na miji yote miwili. Akapiga simu huko.

“Subiri kidogo,” sauti ya mwanamke ikajibu. Kengele iliyokuwa ikilia nyuma yake ikanyamaza. “Haya, umepita. Samahani mwanangu, nilikuwa naoga.”

Bukoba wakathibitisha papo hapo: wameipata, wanaanza kazi.

“Mama, umeupitishaje?”

“Kwa kidole gumba. Mnyororo wetu unataka shahidi aliye hai. Tulikuwa wanane, nimebaki mimi, Yunisi. Huu mwaka wa tatu.”

“Hutoki?”

“Nitoke niende wapi, na kengele inalia? Binti yangu kajifungua kule Mpanda. Mtoto sasa anatembea. Namwona kwenye picha.”

Katika michoro ya Nyamizi, Kasulu ilikuwa nukta ya kijani tu.

Siku ya tatu alishuka kwenye treni ya Kasulu na barua ya kuajiri mashahidi saba. Wakati wakitafutwa, angekaa yeye. Bi Yunisi akasajili kidole cha Nyamizi, akamwonyesha jinsi ya kulinganisha mihuri, kisha akaondoka mbiombio kwenda Mpanda kwa siku chache, na kikapu cha dagaa.

Jioni ya kesho yake akapiga simu kutoka Mpanda.

“Ananiogopa huyu,” alisema, akicheka. “Kajificha nyuma ya mama yake. Basi nirudi keshokutwa, kama tulivyokubaliana?”

Kengele ikalia. Nyamizi akalinganisha mihuri, akaweka kidole.

“Kaa mwezi mzima, mama,” akasema. “Atakuzoea.”