Bomba Lililovaa Soksi

Kila akitoka shule, Kidomo alipitia karakana anakofanya kazi shangazi yake, wakarudi nyumbani pamoja. Jina hilo hakubandikwa bure. Mtoto yule alikuwa akiongea hata usingizini!

Shangazi alikuwa mhandisi. Yeye na fundi wake mnene walikuwa wakijaribu pipa la chuma lenye mirija mingi, iliyo wazi pande zote mbili. Pipa likizunguka, gesi ya moto huingia kwenye mirija kwa kishindo na kuibana hewa baridi iliyomo. Hewa ikibanwa vizuri, injini ya turbaini, ile inayozungushwa na gesi ya moto, hupata nguvu zaidi kwa mafuta yaleyale. Lakini wapi! Mshale wa kipimo cha mbano wa hewa uligoma kupanda.

Siku hiyo Kidomo alifika amelowa chapachapa kwa mvua. Shangazi alikuwa akisogeza bamba karibu na pipa, hewa isivuje. Kidomo akaona bomba la kutolea hewa, vuguvugu, limekaa bure. Akalivisha soksi zake zote mbili zikauke, akazikaza kwa waya.

"Washa!" shangazi akasema.

Pipa likanguruma. Mshale ukapanda, ukapanda tena!

"Tumeipata!" Fundi alicheza, tumbo likimfuata nyuma. Shangazi akapiga vigelegele. "Kesho tunalifunga kwenye injini!"

Kidomo akageuka kutazama bomba. Loo! Soksi zilikuwa zimefura kwa hewa iliyokosa pa kutokea. Akisema, atamharibia shangazi furaha yake. Akinyamaza, je, hiyo injini ya kesho?

"Mbona Kidomo kimya?" fundi akashangaa. "Anaumwa?"

"Shangazi," Kidomo alisema kwa sauti ndogo, "injini nayo itavaa soksi?"

Wote wakageuka. Fundi aliacha kucheza mguu mmoja ukiwa juu.

Shangazi alishusha pumzi, akazivua soksi, akawasha upya. Mshale ulipanda kidogo tu, lakini ulipita alama ya jana.

"Hiki kidogo ndicho chetu kweli," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Kwenye jaribio tunabadilisha kitu kimoja tu, ili tujue kipi kimeleta nini. Leo mimi nimesogeza bamba, na wewe ukaziba bomba kwa siri. Umekosea. Lakini ungenyamaza, kesho tungeharibu injini, tusijue hata sababu. Ukweli wako umetuokoa."

Tangu hapo, kabla ya kuwasha, fundi huuliza kwanza, "Soksi?"

Naye Kidomo huinua miguu yote miwili juu ya kiti. "Ziko miguuni!"