Toleo la Nne la Ghorofa ya Chini

Jumapili hiyo keki haikuguswa. Ghislaine Lhoest aliiona tangu mlangoni, imekaa katikati ya meza vilevile alivyoiacha, wali na maziwa vimeganda vizuri, juu imeungua kidogo kama inavyotakiwa, na kisu kando yake kisafi. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Watu wale walikutana nyumbani kwake, mjini Verviers, Ubelgiji, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na keki ya wali waliifyeka kabla kahawa haijapoa.

Walikuwa watatu. Armand, mume wake, fundi mstaafu wa mabasi. Bwana Firmin Collignon, aliyefundisha baiolojia mpaka nywele zikamtoka, asiye na mke wala paka. Na Yolande Pirard, muuza dawa wa mtaa wa nyuma, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja: walipenda katuni zilizokufa changa. Zile maarufu waliwaachia wengine. Wao walitaka mfululizo uliotoka mara mbili tatu, kisha jarida likafungwa, au mchoraji akaingia mitini, na hadithi ikabaki inaning'inia. Kila Jumapili mmoja alileta marehemu wake, wakampitisha mkono kwa mkono na kumlilia.

"Huyu wangu angefika mbali," Yolande alikuwa akisema.

"Wako alistahili kufa," Armand alimjibu. "Farasi anaendesha teksi! Nani anunue upuuzi huo?"

"Mimi nilinunua!"

"Ndiyo maana wakafilisika."

Kwa Ghislaine katuni zilikuwa karatasi za kufuga vumbi tu, lakini kelele zile alizipenda. Leo hapakuwa na kelele. Bwana Collignon alikuwa ameleta matoleo yote matatu ya *Ghorofa ya Chini*, aliyoyapata sokoni kwa mtu anayesafisha nyumba zilizozama wakati wa mafuriko. Ghislaine alishasikia kisa chenyewe kikisimuliwa: mtoto anamtafuta mama yake ndani ya kiwanda cha kuoshea sufu, anashuka ngazi, anashuka tena, na kila ghorofa ina nyingine chini yake. Mwisho wa toleo la tatu anafika kwenye mlango, na sauti upande wa pili inamwambia, "Ingia." Basi. Toleo la nne halikutoka.

Wote watatu walikuwa wameinama juu ya meza. Walilamba kidole, wakafunua ukurasa, wakalamba tena, na kila mara kidole kilikawia kinywani zaidi ya kilivyopaswa. Yolande alikuwa anakinyonya chake kama mtoto mchanga. Ghislaine akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na ngozi ya kiganja chake ikagusa karatasi. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na unyevu mzito unaonata, kama ulimi. Akaurudisha mkono kwa haraka na harufu ikamfuata: sufu mbichi ya kondoo, tope la mto, na pumzi ya mtu mwenye jino bovu.

"Kitabu chenu kimelowa," alisema.

"Hakijalowa," Armand akajibu bila kuinua kichwa. "Ni kitamu."

Tangu siku hiyo Armand aliacha kula. Viazi alivisukuma pembeni, mkate hakuutaka, bia aliiacha ikafa povu kwenye glasi. Alikuwa anasafisha koo tu, kutwa nzima, mkwaruzo mfupi mkavu unaokatika njiani kama mtu aliyekabwa na unyoya. Ghislaine alimpeleka kwa daktari. Daktari akamchungulia, akaona michubuko kooni, akaandika dawa ya kusukutua.

Asubuhi moja Ghislaine aliingia bafuni kuosha sinki, akakuta bonge la kijivu limeziba tundu la maji, laini, lenye nyuzi za ute. Alidhani ni karatasi ya chooni. Akalishika kwa glavu, likafunguka kiganjani polepole, na katikati yake palikuwa na jicho lililochorwa kwa wino mweusi.

Alipiga kelele. Armand akaja mbio. Hakumtazama mkewe. Alitazama bonge.

"Usilibane! Utaliharibu, Ghislaine, lete hapa, taratibu."

"Armand, ni nini hiki?"

Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akalitandaza juu ya taulo jeupe, akilinyoosha kwa dole gumba kutoka katikati kwenda pembeni. Lilikuwa ukurasa. Michoro sita, safi kabisa, chini ya utando wa mate na damu kidogo. Mtoto alikuwa amekishika kitasa. Mlango ulikuwa umefunguka.

"Toleo la nne," Armand alinong'ona, na machozi yakamtoka. "Mpenzi, toleo la nne ninalo mimi."

"Umelitapika."

"Halijawahi kutoka! Watu wamekaa miaka hamsini hawajui nyuma ya mlango kuna nini!"

"Umelitapika, Armand!"

"Na kesho nitatapika lingine," alisema, akacheka, na Ghislaine akauona ulimi wake. Ulikuwa wa kijivu, umejaa mistari midogo ya wino mpaka kooni.

Ghislaine alitaraji kwamba Jumapili wenzake wangemzindua Armand. Yolande alikuja na mfuko wa plastiki wa dukani kwake. Bwana Collignon alikuja na kopo la biskuti. Walipofungua, uvundo ulijaa chumbani hata mapazia yakawa kama yamepakwa mafuta ya kondoo.

"Nani ana ukurasa wa tano?" Yolande aliuliza. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani.

"Mimi nina wa tano na wa saba," alisema Armand.

"Wa sita ninao, ila umechanika kona. Niliharakisha," Yolande alisema.

"Hupaswi kuharakisha, mama," Bwana Collignon alimkanya kwa upole, kama anavyomkanya mwanafunzi. "Unangoja utoke wenyewe. Ukisukuma, wino unatawanyika."

Walizipanga kurasa juu ya kipasha joto cha ukutani zikauke, na maji ya kijivu yakadondoka kwenye zulia. Walikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomchukiza Ghislaine kuliko uvundo wenyewe: furaha yao ya kitoto, na udenda kwenye videvu vyao. Yolande, alipoona pengo kati ya ukurasa wa nane na wa kumi, aliomba radhi, akajipenyeza vidole kooni palepale mezani, akakokomoka kwenye sahani ya keki. Wenzake wakainama kuangalia kabla hajafuta mdomo.

Ghislaine naye akaangalia, kwa sababu hakuweza kujizuia. Nyuma ya mlango palikuwa na mtu mnene amekaa kwenye beseni, hana macho, mdomo wake umejaa sufu, na mtoto alikuwa amesimama mbele yake akiivuta ile sufu kwa mikono miwili. Katika mchoro wa mwisho mtu yule alikuwa amegeuza uso. Hakuwa anamwelekea mtoto tena. Alikuwa anamwelekea msomaji.

"Inatosha," Ghislaine alisema. "Nazichoma zote."

Armand alikuwa amekaa mdomo umefumba, kidevu kimeegemea kifua. Sauti iliyojibu ilitoka chini zaidi, nyuma ya vifungo vya shati lake, sauti nene yenye maji ndani yake.

"Ingia," ilisema.

Kesho yake alipanda gari hadi kijiji kilicho juu ya mji wa Stavelot, kwa Bibi Odile Grosjean, mwanamke anayeondoa maumivu ya moto kwa kupuliza na kuchora msalaba kwa dole gumba. Aliwahi kumtibu Ghislaine mkono ulioungua kwa tanuri, asikubali hata kahawa. Bibi Odile alimsikiliza huku akimenya karoti.

"Si karatasi wanayotapika," alisema mwishoni. "Ni nyama yao wenyewe. Mgeni anaitumia kuchorea."

"Mgeni gani, Bibi?"

"Wengine wanasema jini, padri anasema pepo, mimi nasema mgeni, asije akasikia jina lake akapata kiburi. Anakaa kwenye kitu ambacho hakijaisha. Maadamu kuna mtu anayesubiri kinachofuata, yeye ana chumba cha kulala."

"Basi tuzichome."

"Ukichoma, watasubiri zaidi. Lazima apewe mwisho. Na autoe mtu ambaye hajalamba, asiyeipenda hadithi hata kidogo." Alimtazama juu ya miwani. "Una tumbo gumu, binti yangu?"

"Sina."

"Utalipata."

Jumapili iliyofuata Bibi Odile aliingia, akavuta pumzi moja sebuleni, akatoka kutapika barabarani, akarudi. Hakuna aliyemjali. Walikuwa wamekaa mezani na nguo zao zikiwapwaya, hawakuwa tena na nguvu ya kubishana, wanakohoa kwa zamu. Bibi Odile alifunga mlango kwa ufunguo, akauacha kwenye kitasa, akaweka ndoo ya chumvi miguuni pa Ghislaine.

"Zishike kwa mikono mitupu. Zote. Soma, halafu umalize."

Ghislaine akazishika. Zilikuwa zimekauka upande mmoja na upande wa pili bado ni ute, zikagandana na vidole vyake, na kwenye kila ukurasa yule mnene alikuwa karibu zaidi, kwanza uso, kisha mdomo tu, kisha sufu tu, nywele kwa nywele, zikiwa na mbegu za majani na kupe wadogo walioshiba, na kadiri alivyosoma kwa sauti ndivyo mate yalivyomjaa kinywani, mate matamu, na kidole chake kikaanza kupanda chenyewe kuelekea mdomoni, kinanukia maziwa na asali, na akajua kwamba akikilamba mara moja tu atajua kilichoko kwenye ukurasa unaofuata, na akataka kujua, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kutaka kujua, akataka kwa uchu, mpaka alipomwona Armand ng'ambo ya meza akimtikisia kichwa kumhimiza, amefungua mdomo kwa hamu, na ndani ya mdomo ule hapakuonekana tena ulimi ila ukurasa uliokunjwa.

Akakichovya kidole kwenye chumvi.

"Mtoto akaachia sufu," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Akageuka. Akapanda ngazi zote. Mama yake alikuwa ameshafika nyumbani zamani. Akamnawisha mikono, wakala supu, wakalala."

"Na yule wa kwenye beseni?" Yolande aliuliza.

"Hakuwa chochote. Kiwanda kilibomolewa. Mwisho."

"Hapana!" Armand alipiga ngumi mezani. "Si hivyo! Haiwezi kuwa supu!"

"Ni supu, Armand. Mwisho."

"Mwanamke, umeiua! Hujui kitu, umeiua!"

"Nimeimaliza. Mwisho. Mwisho. Mwisho."

Tumbo la Armand likavimba, shati likapasuka vifungo, na kitu kikajitokeza kati ya meno yake, kijivu, kinapumua. Ghislaine alikishika. Aliona kinyaa mpaka macho yakaona giza, lakini alivuta, mkono baada ya mkono, kamba ndefu ya sufu iliyolowa, nayo ikaja na maji ya mto na makucha na meno madogo yasiyo ya mtu, ikaangukia kwenye chumvi ikitatarika kama minofu inayokaangwa. Bibi Odile alikuwa akiivuta ya Yolande, huku akisali na kutukana kwa zamu. Kamba zile zilipofika mwisho, zilitoa mlio mmoja, wa mtu aliyefungiwa mlango usoni.

Ndipo walipomkumbuka wa tatu. Kiti cha Bwana Collignon kilikuwa kitupu, mlango wazi. Yeye alikuwa ameziba masikio tangu neno "mtoto", akatoka nyuma yao, na matoleo matatu ya kwanza hayakuwapo tena mezani.

Armand alipona polepole. Kwanza mchuzi, halafu viazi vilivyopondwa. Alikuwa na aibu, na usiku mwingine alimwuliza mkewe kwa sauti ndogo ikiwa kweli ilikuwa supu, naye akamwambia ndiyo, ya vitunguu, na Armand akalala. Yolande aliuza katuni zake zote. Bibi Odile alikataza wasimtafute Bwana Collignon.

"Anayetaka kuendelea humwezi," alisema.

Lakini Ghislaine hakupata raha. Mzee yule alikuwa amekula mezani kwake miaka mingi. Jumapili moja yenye mvua alienda kwake, jengo la ghorofa karibu na stesheni, na akaanza kusikia ule uvundo tangu kwenye masanduku ya barua.

Bwana Collignon alifungua mwenyewe. Alikuwa mifupa ndani ya sweta, na uso wake uling'aa kwa furaha. Nyuma yake kurasa zilitundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mamia, zikidondoka.

"Ghislaine! Nimefika toleo la kumi na tisa!"

"Bwana Collignon, nisikilize. Mtoto aliachia sufu, akageuka, akapanda ngazi..."

Hakuacha kutabasamu. Alijigusa sikio kwa kidole, na ndipo Ghislaine alipoona kwamba masikio yote mawili yamejazwa rojo la karatasi, limekauka gumu kama plasta, wino umeingia mpaka kwenye ngozi ya shingo. Alimpungia mkono kwa adabu, akarudi kwenye kamba zake.

Ghislaine alianza kushuka. Kwenye ngazi alikutana na watu wanapanda, kama saba au wanane, vijana kwa wazee, wanakung'uta miavuli na kutaniana. Mwanamke wa mbele alibeba sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Na wewe ni wa Jumapili?" alimwuliza Ghislaine kwa uchangamfu. "Umetutangulia! Ameshafika wapi?"

Ghislaine alisimama katikati ya ngazi, akaunyoosha mkono ukutani asiwapishe.

"Ninajua inavyoisha," alisema. "Nisikilizeni, nitawaambia wote."

"Ah, mama, usitufanyie hivyo!" wakapiga kelele, wakicheka, na wote pamoja wakaziba masikio, wakainama chini ya mkono wake mmoja mmoja, wakapita.