Bega la Adyero

Hasira ya kwanza ya Adyero kwa Wangila ilianzia Kisenyi, katikati ya Kampala, kabla hata hajalijua jina lake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Malori yanashusha magunia ya mchele, mafundi wanagonga vyuma, moshi wa dizeli umechanganyika na harufu ya chai ya tangawizi kutoka mkahawa wa Wasomali. Adyero alikuwa kwa fundi viatu, akisubiri kubandikiwa raba ya tairi chini ya viatu vyake vya tenisi, maana mguu wa kulia aliuburuta kila alipopiga mpira na soli ilikuwa imekwisha. Alivaa koti la michezo la rangi ya damu ya mzee, limepauka mabegani, nywele kasuka mistari minene, miguuni kandambili za kuazima. Kando yake kijana mrefu mwenye shati la njano na viatu vinavyong'aa alikuwa anapiga kelele kwenye simu.

"Tenisi? Bosi, tusiwapotezee watu muda! Hao dada wa Kampala wanapiga mpira kama wanafukuza nzi kwenye nyama. Michezo ya Afrika waende kutalii tu."

Adyero alimgusa mkono. "Gwe, wewe, kata simu."

"Samahani?"

"Kata simu, ssebo, bwana. Huyo dada anayefukuza nzi ni mimi."

Mafundi wakaacha kugonga. Jamaa akashusha simu polepole, akamtazama kuanzia kandambili mpaka nywele.

"Hicho Kiswahili umekitoa wapi?"

"Kambini. Baba yangu alikuwa sajini. Na wewe huo umbeya umeutoa wapi?"

"Bungoma," alisema, na aibu ikamfanya acheke. "Lakini kazi nafanya hapa mjini, Kansanga, redioni. Mtangazaji wa michezo. Naitwa Wangila."

"Wangila, umewahi kuniona nikicheza?"

"Kusema kweli... bado."

"Bado! Halafu unatangaza. Njoo uwanjani Jumatatu jioni. Uje na raba, hivyo viatu vya harusi uviache nyumbani."

Akaja. Adyero alimweka upande wa pili wa wavu, akampa raketi, akamwanzishia mpira baada ya mpira. Wangila hakugusa hata mmoja. Wa mwisho ulimpata kifuani, ukamwachia duara la vumbi jekundu kwenye fulana. Akajiangusha chali makusudi, mikono kaitandaza.

"Nimekufa, Afande. Mwambie mama yangu niliuawa na mwanamke mzuri."

Adyero alikuwa amejiandaa kuendelea kukasirika. Badala yake alicheka mpaka akakaa chini.

Ndivyo walivyoanza. Asubuhi Adyero alifundisha michezo katika shule moja ya Mengo, jioni alifanya mazoezi, na Wangila akitoka redioni alimpitia wakaenda kula nyama ya kuchoma na ndizi za gonja pale Kansanga, mezani pao pa nje, muziki wa baa tatu ukigombana juu ya vichwa vyao. Mchana walipigiana simu kama watu wasiokuwa na kazi.

"Afande wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Unataka kutangaza?"

"Taifa lina haki ya kujua."

"Kale, sawa, liambie taifa nimekula maharage, na nimekukumbuka kidogo sana."

Mwaka ule Adyero alikuwa ameteuliwa kwenda Michezo ya Afrika kucheza mara mbili: peke yake, na wawili wawili pamoja na Acayo, rafiki yake wa siku nyingi. Wawili wawili alizoea. Kucheza peke yake ndiko alikokutaka tangu utotoni, tangu siku baba yake, akiwa bado hai na magwanda yake, alipompigia mpira kwenye ukuta wa kambi na kumwambia kwamba siku moja atasimama uwanjani mwenyewe na bendera ya nchi kifuani. Umri nao ulikuwa unakwenda. Hii ilikuwa michezo yake ya mwisho, na alijua.

Mvua za masika zilipoanza, bega la kulia likaanza kuuma. Kwanza lilimuuma akianzisha mpira, baadaye akichana nywele. Hakumwambia kocha Saverio. Hakumwambia hata Acayo. Jioni moja chumbani kwa Wangila alijaribu kuvua sweta, mkono ukagoma njiani, akabaki amenaswa ndani ya sufu kama kondoo. Wangila alicheka, kisha akamsikia anavyopumua, akaacha kucheka. Akamvua sweta taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Kocha anajua?"

"Unajua wewe. Wewe peke yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nitashinda, ama sitashinda?"

Wangila alichota dawa ya kuchua, akaipasha moto viganjani. "Utashinda, mpenzi," alisema, na kumchua kimya kimya mpaka akalala.

Wiki chache kabla ya safari, Adyero alikuwa chumba cha walimu wakati wa mapumziko, chai mkononi, redio dirishani. Kipindi kilikuwa cha Wangila, mada ni nafasi za nchi kupata medali. Akaanza na ndondi, akapita riadha, akatania kidogo kuhusu waogeleaji. Walimu wakacheka. Sauti ile, ambayo Adyero aliijua hadi inavyokwaruza ikiamka, ikafika kwenye tenisi.

"Hapa tusidanganyane, ndugu msikilizaji. Kwa mchezaji mmoja mmoja, Adyero hafiki mbali. Mpira wake wa kuanzisha umekufa nguvu. Siku hizi anapiga kama mtu anayeuhurumia mkono wake. Medali kama ipo, basi ni shaba, na ni ya wawili wawili, kwa sababu hapo Acayo atamfunika."

Hakuna mwalimu aliyecheka. Mmoja alizima redio, jambo lililokuwa baya zaidi. Adyero aliweka kikombe mezani, akatoka mpaka kwenye ukuta wa nyuma ya jiko la shule, akapiga simu.

"Afande! Umenisikia leo?"

"Nimekusikia."

"Adyero, ngoja nikueleze..."

"Nilikuambia wewe peke yako."

"Sikutaja bega. Sikutaja popote!"

"Anauhurumia mkono! Wangila, mkono umeunganishwa na nini? Na sikio?"

Akakata. Simu ikalia tena, akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Kocha Saverio alikuwa mtu wa maneno machache, na redio alikuwa nayo kama watu wengine. Jioni hiyo hiyo alimsimamisha Adyero kwenye mstari na kumwambia aanzishe mipira mpaka atakapoambiwa basi. Hakumwambia basi. Alimwacha apige mpaka mkono wenyewe ukakataa kupanda juu, na machozi yakamtoka mbele ya kila mtu. Kesho yake hospitali ikaona kano iliyochanika. Kamati ya uteuzi ikakaa, ikampa msichana mmoja wa Jinja ile nafasi ya kucheza peke yake. Adyero akabakizwa wawili wawili, tena kwa sababu Acayo aliapa hatacheza na mwingine.

Alimfuata Wangila Kansanga saa sita mchana, kwenye geti la redio, jua limesimama utosini. Bado alikuwa na nguo za kufundishia michezo, filimbi shingoni.

"Umeridhika?" alimuuliza. "Nafasi yangu wamempa mtu."

Wangila alikuja mikono mbele kama anayemsogelea mbwa mkali. "Nimesikia. Pole. Lakini nilisema nilichokiona tu."

"Ulikiona kwa sababu nilivua nguo mbele yako!"

Muuza chapati wa kando ya barabara akageuka. Adyero hakujali.

"Ungeenda kucheza peke yako bega lingekatika kabisa," Wangila alisema.

"Na likatike! Ni langu! Ni la mama yako?"

"Niliulizwa swali hewani, Adyero. Nifanye nini? Nidanganye watu?"

"Mimi nilikuuliza kabla yao." Sauti ilimshuka ghafla, na kila aliyesimama pale alisogea ili asikie. "Kitandani kwako nilikuuliza, nitashinda ama sitashinda. Ukaniambia nitashinda. Mimi ukanidanganya, redio ukaiambia ukweli. Sasa oa hiyo redio."

Adyero akageuka akaondoka. Alilia akiwa ameshavuka barabara, na hata kulia alilia kwa hasira, akiyapangusa machozi kama anayepiga mtu makofi.

Aliifungia namba ya Wangila kwenye simu. Alibeba hasira ile ndani ya ndege, akalala nayo katika kijiji cha wanamichezo, akaingia nayo uwanjani siku ya kwanza. Alikataa kufunikwa. Kila mpira wa juu aliufuata yeye, hata ule uliokuwa wazi wa Acayo, na kila akipiga bega lilimchoma kama kaa la moto. Wakapoteza seti. Walipokaa kupumzika, Acayo, binti mpole ambaye hajawahi kumpazia mtu sauti, alitupa taulo chini.

"Umemkasirikia Mkenya, mbona unanipiga mimi?"

"Sijakupiga."

"Unanipiga! Kila mpira wangu unaninyang'anya ili yule mtu aonekane mwongo. Mimi sikuja huku kwa ajili yake. Kama huniamini, kaa hapa, nitacheza na kivuli."

Adyero alitazama mikono yake. Kisha akainuka, akasogea mbele, karibu na wavu, akamwachia Acayo mipira yote ya nyuma na ya juu. Kule mbele mkono haukuhitaji kupanda. Hasira ilipata kazi: ilimfanya awe mwepesi, jicho kali, mkono mfupi unaokata mpira kabla adui hajapumua. Wakaigeuza mechi ile. Wakashinda nyingine, wakafungwa nusu fainali, wakarudi kupigania nafasi ya tatu dhidi ya dada wawili wa Morocco waliowazidi urefu na viatu. Mpira wa mwisho Acayo aliushindilia kona, akamrukia Adyero mgongoni, wakaanguka wote.

Shaba.

Jukwaani, utepe shingoni, bendera ikipanda, Adyero alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akakumbuka. Shaba, wawili wawili, Acayo akimfunika. Neno kwa neno kama yule mtu alivyosema. Hata furaha yake ilikuwa imeshatangazwa na Wangila kabla yeye hajaifikia. Picha zilizopigwa siku ile zinamwonyesha Acayo akicheka na Adyero akiikodolea macho medali kama mtu aliyeletewa kesi.

Entebbe, uwanja wa ndege, kulikuwa na ngoma na maua. Wangila hakuonekana. Alikuja siku nyingine mchana, kwenye uwanja wa tenisi, wakati Adyero amekaa peke yake kwenye benchi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa shingoni. Alikuwa amekonda. Alivaa fulana ya kijivu isiyopigwa pasi, na alisimama mbali kidogo, kama anayeomba ruhusa ya kupita.

"Hongera."

"Umekuja kudai hongera zako?"

"Hapana."

"Zidai. Ulikuwa sahihi. Ndiyo maana siwezi kukuvumilia."

"Kuhusu wewe sikuwa sahihi," Wangila alisema. "Nilijua muda mrefu kwamba huwezi kucheza peke yako. Kila jioni nilijiambia, leo nitamwambia. Halafu unanitazama hivi, naogopa. Nikaona afadhali niwaambie watu wote nchini kuliko kukwambia wewe. Hewani mtu hanitazami."

"Ni uoga huo."

"Ni uoga."

Adyero alitegemea Wangila ajitetee, yeye apate cha kupasua. "Daktari anataka kunipasua Jumatatu," alisema mwishowe. "Kila mtu ananiambia nitarudi. Kocha anasema nitarudi. Acayo anasema nitarudi. Sasa nakuuliza wewe, na nakutazama. Nitarudi kucheza peke yangu, ama sitarudi?"

Wangila alibadilika rangi. Alitazama wavu, akatazama mawingu juu ya mji, na Adyero akamwona akilitafuta lile jibu tamu la zamani, akaliona limemfika midomoni. Akangoja, hajui anataka kusikia lipi.

"Hutarudi," Wangila alisema, akiwa amemkazia macho. "Na Acayo, labda. Peke yako, hapana, Adyero. Imekwisha."

Kilio kilimtoka kikubwa kuliko alivyotarajia. Alimtukana kwa Kiswahili cha kambini, matusi ya baba yake na ya askari wenzake, yote aliyoyakumbuka. Alimwambia anamchukia, na wakati ule ilikuwa kweli. Wangila alisimama pale pale akayapokea, naye macho yamemjaa machozi, hakuomba msamaha wala hakuondoka. Matusi yakaisha. Upepo ukapuliza vumbi jekundu juu ya mistari.

"Mama yuko Gulu, miguu inamsumbua, hawezi kuja," Adyero alisema akivuta kamasi. "Hospitali wanataka mtu wa kuniuguza."

"Nitakuja."

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

"Na ukianza kunidanganya kwamba napendeza na hayo mabandeji, nitakufukuza wodini."

"Utakuwa unatisha," alisema Wangila.

Adyero aliuma mdomo ili asicheke, akashindwa nusu. Akasogea kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja cha kushoto.

"Kaa upande huu," alisema. "Ule unauma."