Sauti Aliyoazima Mama Mdogo

Siku hiyo mama aliamka vizuri. Alifungua chumba chake cha kushonea, akamalizia kola ya shati la mteja, akanituma uzi mweusi. Niliporudi nilimkuta ameinamia cherehani kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Nikamwita. Nikamgusa bega. Mguu wake ulikuwa bado uko kwenye pedeli.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza, alikuwa ng'ambo akisomea uhandisi wa madaraja. Alikuwa mwaka wa mwisho, amebakiza mitihani tu. Kila Jumapili alimpigia mama, na mama kabla ya kupokea aliifuta simu kwa upindo wa gauni, kana kwamba mwanawe angeliona vumbi kutoka huko.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Majirani walikuwa hawajamaliza kuingia alipotukusanya chumbani.

"Kijana asiambiwe," alisema. "Akijua ataacha mitihani apande ndege, na masomo yote yatakuwa yamekwenda na maji. Tutamwambia akimaliza."

"Na akipiga Jumapili?" nikauliza.

Alimtazama mama mdogo.

Mama na mama mdogo walifuatana kuzaliwa, na sauti zao zilikuwa kitu kimoja. Hata mimi nilikuwa nikibabaika kwenye simu.

"Shemeji, usinifanyie hivyo," mama mdogo alisema. "Mwili wa dada haujapoa."

"Ni kwa faida ya mtoto. Dada yako mwenyewe angetaka hivyo."

Maneno hayo nayajua. Mtu akitaka kumfanyia marehemu lisilofaa, humsingizia kwamba mwenyewe angetaka.

Tukazika. Kaka alikuwa maktaba huko aliko, anakokotoa uzito wa nguzo.

Jumapili ilipofika, mama mdogo aliketi kwenye kitanda cha mama, simu ya mama mkononi. Wageni waliokuwa uani waliambiwa wanyamaze. Simu ikaita. Baba mdogo akaiweka kwenye kipaza sauti ili sote tusikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Alilitoa vile vile, na ule mvuto wa mwishoni. "Masomo yanakwendaje?"

"Yananipeleka puta, mama. Una mafua? Sauti yako ni nzito."

"Vumbi la vitambaa tu, baba. Wewe soma."

Wakazungumza, wakacheka kidogo. Ilipokatika, baba mdogo alimpigapiga begani kama mtu aliyefunga bao. Mama mdogo alikwenda msalani, na tulimsikia akisukutua mdomo kwa muda mrefu.

Katikati ya wiki alianza kulalamika. Alisema koo linamwasha. Alisema akiwa peke yake anajisikia akiongea, na maneno si yake. Nilimkuta mchana amekaa jikoni, kitambaa kakiuma kwa meno.

"Mwambieni mtoto ukweli," alininong'oneza. "Mimi sirudii."

Baba mdogo alikataa. Ilikuwa imebaki Jumapili moja tu mitihani iishe. Alimshika mkono mama mdogo, akamketisha palepale kitandani. Simu ikaita.

"Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mama mdogo, usijichoshe," kaka alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyeshiba. "Mama ameniambia kwamba utazungumza na mimi. Akasema nikuitikie tu, nisikutie aibu. Lakini leo amechoka kungoja."

Baba mdogo akapokonya simu. "Kijana, unasema nini? Mama yako yupo hapa."

"Yupo huku, baba mdogo. Nilimkuta mlangoni nilipotoka maktaba, Jumapili iliyopita, kabla sijawapigia. Hamkuniambia kama anakuja. Anahisi baridi sana. Nimempa koti langu."

Nyuma yake tulisikia maji yakimwagika kwenye sinki. Yakafungwa. Kisha nyayo. Mtu aliyevaa ndala, anaburuta mguu mmoja.

"Anataka simu," kaka alisema.

Zikapita pumzi. Polepole. Karibu mno.

"Kasuku."

Mama mdogo akaruka. Jina hilo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu. Baadaye shangazi yao aliniambia kwamba mama alimwita hivyo utotoni, walipokuwa wawili tu, kwa sababu alikuwa anajua kuigiza watu.

"Kasuku. Nirudishie sauti yangu."

Simu ikakatika. Mama mdogo akafungua kinywa alie. Machozi yalitoka. Kifua kilipanda na kushuka. Sauti haikutoka.

Haijatoka mpaka leo. Madaktari wamemchungulia koo, wakasema halina kasoro.

Kaka alifaulu. Alifaulu vizuri kuliko wenzake wote, na baba mdogo akatangaza habari hiyo kila alikopita, kama yeye ndiye aliyeingia kwenye chumba cha mtihani. Halafu akampigia, akampasulia ukweli. Nilikuwa pembeni.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. "Mlimzika nani bila mimi?" akauliza.

"Mama yako, mwanangu."

"Mama ananipigia shati pasi."

Hakurudi. Amepata kazi huko huko. Tukimwomba aje angalau alione kaburi, anajibu kwa heshima zote kwamba hawezi kumwacha mama peke yake kwenye nchi ya watu.

Alitutumia picha moja tu, ya mahafali. Amevaa joho, yuko peke yake kwenye ngazi, amekonda, anatabasamu. Kwenye kona ya chini aliyepiga picha ameziba kioo cha kamera kwa kidole gumba. Kimetokea kikubwa, chenye ukungu, lakini ukucha unaonekana. Umepasuka katikati. Mama sindano ya cherehani ilimpita kwenye ukucha wa gumba nilipokuwa mdogo, na haukuota tena sawasawa.

Baba mdogo aliipeleka picha studio ikasafishwa, akaikata ile kona kwa mkasi, akaitia kwenye fremu. Ameitundika sebuleni ili wageni waone matunda ya uamuzi wake. Mama mdogo hakai chumba kile.

Jana nilikuwa nafuta vumbi. Niliishusha picha, nikaipangusa kioo, nikaisogeza dirishani.

Kidole kipo. Sasa kiko kona ya juu, na kimeanza kumfunika kaka uso.